Chai ya Mikono Miwili

Kioo cha mlango mkuu kilivunjwa saa tatu na nusu asubuhi, mimi nikiwa ghorofa ya pili nafunga kidonda cha mgonjwa. Mwanzo nilidhani wapishi wameangusha beseni la sahani. Kisha nikasikia sauti za wanaume wengi kwa pamoja, na ndani ya makelele hayo jina la mtu niliyempenda kuliko roho yangu.

"Mleteni Bian Zhiheng. Tunamtaka Bian Zhiheng."

Nilimwachia muuguzi bandeji mkononi, nikakimbilia ngazini. Ukumbi wa mapokezi ulijaa watu waliojifunga vitambaa vyeupe vya msiba vichwani. Walikuwa wameegemeza mashada ya karatasi kwenye dirisha la dawa, na katikati ya ukumbi, juu ya kiti cha magurudumu cha wagonjwa wetu, walikuwa wamekalisha picha kubwa ya Mzee Pang. Mzee Pang hakuwa mgeni pale. Kwa miaka thelathini alikaanga mikate ya vitunguu langoni kwetu, na hakuna daktari hospitali nzima ambaye hakuwahi kuanza siku kwa mkate wake. Alhamisi tulimpasua kumtoa mawe kwenye nyongo. Ijumaa mchana akafa.

Mwanawe mkubwa, Guoliang, mpakia mizigo wa soko la mboga, alikuwa ameshika chuma cha kutundikia dripu kama mtu aliyeshika mchi. Mlinzi mmoja alikuwa chini, pua inamwaga damu. Wa pili alijibanza nyuma ya kaunta, na simlaumu.

"Nataka apige magoti hapa," Guoliang alisema, akigonga sakafu mbele ya picha. "Hapa, nimwangalie usoni."

Hasira yao haikunishangaza. Mfiwa ana haki ya kichaa chake. Kilichonishangaza ni lile jina, kwa sababu mkono uliomkata Mzee Pang haukuwa wa Zhiheng. Nilikuwepo. Ulikuwa mkono wa baba yangu.

Niwaambie baba yangu ni nani, maana bila yeye hakuna kisa. Anaitwa Profesa Jiang Boyan, na hapa mjini Jinan mtu akiumwa ini au nyongo, jina la kwanza analotajiwa ni hilo. Nusu ya wapasuaji wa mkoa huu ni wanafunzi wake, na wote walianza kwa namna moja. Siku ya kwanza wanainamia sanamu ya Konfusio, mwalimu mkuu wa kale, pale uani, kisha wanapiga magoti mbele ya baba na kumpa kikombe cha chai kwa mikono miwili. Akinywa funda moja tu, basi, amekuzaa. Atakulisha, atakutafutia kazi, akipenda atakuozesha. Na atakupiga. Ukikosea fundo la uzi, koleo la chuma linakushukia juu ya vidole. "Daktari ni utu kwanza, mkono baadaye," alikuwa akisema, huku mkono wa mtu unavimba mbele yake. Mimi binti yake wa pekee nilipigwa kuliko wote, asije mtu akasema ananibeba.

Zhiheng alipiga magoti yale miaka miwili kabla yangu. Ndiyo maana nikamwita Kaka Heng, kama anavyoitwa kila aliyekutangulia kwa mwalimu mmoja. Ni mwana wa wakulima wa vitunguu saumu, mrefu, mpole, mwenye vidole ambavyo hata baba, mchoyo wa sifa kama alivyo, aliwahi kuvisifu. Mimi nilivipenda kabla ya baba. Miaka miwili tulimwomba ridhaa, miaka miwili alikataa. Mwana wa mkulima anaweza kuwa mwanafunzi wake, alisema, lakini mkwe ni habari nyingine. Halafu Jumapili iliyopita, bila yeyote kutarajia, akakubali. Kioo kilipovunjika nilikuwa mchumba wa mtu kwa siku mbili tu.

Nilimkuta Zhiheng kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa amevua koti lake jeupe, ameliweka mapajani, analikunja taratibu kama anayefungasha safari.

"Toka kwa mlango wa jikoni," nikamwambia. "Gari la mboga limeshapita, hakuna mtu kule. Haraka."

"Nimewasikia, Yun."

"Basi inuka. Wanaita jina lako, sijui nani kawaambia upuuzi huo."

Hakuinuka. Aliendelea na mkono wa kushoto wa koti, akaulaza juu ya ule wa kulia.

"Ripoti ndiyo iliyowaambia," akasema. "Ripoti ya upasuaji ina jina langu."

"Nani kaliandika?"

"Mimi. Nilisaini Jumamosi."

Nikakaa kwenye benchi la mbele yake. Jumamosi alisaini. Jumapili tukala samaki.

Ile Jumapili nitaikumbuka mpaka nafukiwa. Mama alikaanga samaki wake wa mchuzi mtamu na siki, na sahani ilipotua mezani baba aliizungusha kwa mkono wake mwenyewe mpaka kichwa cha samaki kikamtazama Zhiheng. Kwetu kichwa cha samaki hutazamishwa mgeni wa heshima, na mwana wa mkulima hajawahi kutazamwa na samaki katika nyumba ile. Nilitaka kupaliwa na wali. Baba akammiminia pombe, akasema tuheshimiane kama mume na mke, harusi iwe vuli. Zhiheng alipokea kikombe kwa mikono miwili, na mikono ilimtetemeka hadi kinywaji kikamwagikia kwenye kitambaa cha meza. Mimi mjinga nikadhani ni furaha.

"Amekulipa mimi," nikasema.

"Hakusema hivyo."

"Alisemaje?"

Zhiheng alifikiri. Kwangu hana uongo, hata pale unapohitajika. "Alisema amebakiza miaka miwili astaafu. Alisema mimi bado kijana, na kosa la kijana husahauliwa. Kisha akasema nije Jumapili, mama atakaanga samaki."

Nilimpiga kofi. Sikupanga, mkono ulikwenda wenyewe. Kichwa chake kiligonga mlango wa kabati la chuma. Nikampiga la pili, na la tatu nikampiga ngumi kifuani, pale pale ninapolazaga kichwa tukiwa kwenye paa tunapunga upepo. Hakuinua hata kidole kujikinga. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Mtu unampiga naye anakutazama kwa macho ya huruma, kana kwamba wewe ndiye unayeumia.

"Sema kitu," nikamwambia. "Jitetee. Wewe si ng'ombe."

"Nijitetee vipi? Si uongo mtupu, Yun. Mimi niliona."

Nilijua anachosema, kwa sababu mimi pia niliona.

Alhamisi ile baba alikuwa kwenye upasuaji wa tatu tangu asubuhi. Ana miaka sitini na saba. Mimi nilishikilia chuma kinachoacha tumbo wazi, Zhiheng alisimama mkabala naye, wauguzi wawili kando. Nyama ilikuwa imevimba, kila kitu chekundu kimeshikana na chekundu kingine. Baba akaweka mkasi juu ya mrija. Nikamwona Zhiheng anaacha kupumua, barakoa yake imetulia kabisa. Haukuwa mrija uliopaswa kukatwa.

Sasa, mwanafunzi wa baba hamwambii baba kwamba amekosea. Halipo neno hilo. Kuna maneno mengine, yaliyorithiwa na wanafunzi, mkubwa kumpa mdogo, tangu kabla sijazaliwa. Ukimwona mwalimu anakwenda pabaya, unamwambia chai yake inapoa. Yeye atainua kichwa, atasema ngoja ninyooshe mgongo, atatazama upya, na hakuna aliyeaibika. Yalifanya kazi miaka arobaini.

"Mwalimu," Zhiheng alisema siku ile, taratibu, "chai yako inapoa."

Baba hakuinua kichwa. "Nitainywa baridi," akasema, akakata.

Nyuma ya mrija ule kulikuwa na mshipa. Damu ilipanda haraka kuliko tulivyoweza kuinyonya, ikajaa, ikamwagikia kwenye viatu vyetu. Tulipigana nayo kwa saa mbili nzima. Tulimtoa mezani yu hai, lakini hakufungua macho tena.

"Ningesema 'simama'," Zhiheng aliniambia kwenye benchi lile. "Neno moja. Mzee Pang angekuwa langoni sasa hivi, anamtukana mtu kwa kuchagua mkate ulioungua. Unajua kwa nini sikusema? Niliogopa kumwaibisha mwalimu mbele ya wauguzi wawili. Mtu amekufa kwa ajili ya aibu ya mbele ya wauguzi wawili."

"Hata mimi sikusema."

"Wewe ni mtoto wake."

"Nilikuwa na mdomo."

Chini kulisikika kishindo, kitu kizito kimepinduliwa, pengine kaunta. Mwanamke akapiga yowe. Zhiheng aliweka koti lake benchini, akainuka.

"Mzee Pang aliniuliza usiku wa kuamkia upasuaji kama nitakuwemo," akasema. "Nikamwambia nitakuwemo. Akasema basi analala usingizi. Nilikula mikate yake tangu mwaka wa kwanza, nikiwa sina kitu, ananiongezea vitunguu bila kuombwa. Wanataka mtu apige magoti mbele yake. Nitapiga."

"Watakuua."

"Hawataniua."

"Kaka Heng, ukitoka mlango huu, posa imevunjika. Nakuapia kwa mama yangu."

Alisimama mkono ukiwa kwenye kitasa. Alinitazama muda mrefu. Nimetazamwa na wanaume, sifichi, lakini sijawahi kutazamwa namna ile, kama mtu anayesoma barua kwa mara ya mwisho kabla ya kuichoma. Akarudi hatua moja. Nywele zangu zilikuwa zimechomoka kwenye kofia, akazirudisha ndani kwa kidole, moja baada ya nyingine, hana haraka.

"Ivunje," akasema. "Ila nipende hivyo hivyo."

Akatoka. Nilibaki nimeshika koti lake, naapiza, nalia, nalitukana. Kisha nikamfuata mbio.

Nilipofika kwenye ngazi alikuwa ameshafika kwenye picha. Watu walimpisha wenyewe, kwa mshangao nadhani, maana hawakutegemea mtu aje kwa miguu yake. Alipiga magoti, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa sakafu, mara tatu, kama mwana kwa baba.

Guoliang alimsogelea. "Wewe ndiye Bian Zhiheng?"

"Ndimi."

"Wewe ndiye uliyemkata baba yangu?"

"Ndimi."

Teke la kwanza lilimpata mbavuni. La pili lilitoka kwa mdogo wake Guoliang, likampata mdomoni, nikaona jino linaruka na kuteleza sakafuni hadi chini ya mashada. Baada ya hapo sikuweza kuhesabu. Walimpiga kwa viatu, kwa ngumi, kwa fremu ya shada. Mwanamke mmoja alivua kiatu akawa anampiga nacho kisogoni huku analia kwa kwikwi, jasho na machozi yanamchanganyikia. Wengine walinyoosha simu juu wakarekodi. Zhiheng hakujikunja. Kila walipomwangusha alirudi kwenye magoti, na nilijua anarudi kwa sababu alifundishwa hivyo. Baba akikupiga, unarudi mahali pako.

Niliwapenya. Nilivuta shati la mtu, nikauma mkono wa mwingine. Kiwiko kikanipata mdomoni, ladha ya damu ikanijaa, nikaanguka kwa magoti hatua mbili tu kutoka kwake. Hapo ndipo Guoliang aliponyanyua chuma cha dripu na kuwaambia wote warudi nyuma.

"Mkono upi?" akauliza. "Ni mkono upi ulioshika kisu?"

Na yule mpumbavu wangu, mpenzi wangu, akaunyoosha mkono wa kulia sakafuni, akafungua vidole.

Nilipiga kelele. Chuma kilishuka mara moja, kikapanda, kikashuka tena. Sauti yake ilikuwa ya kuni kavu inayovunjwa gotini. Zhiheng alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza, akalalia ubavu, na mkono ukabaki pale mbele yake, umegeuka kuwa kitu kingine. Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye alisikia, akavunjika mkono.

Nikainua macho. Juu, kwenye mzunguko wa ngazi, baba yangu alikuwa amesimama, koti lake limefungwa vifungo vyote, wanafunzi wanane nyuma yake. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Uso wake ulikuwa wa kijivu na mikono yake ilikuwa mfukoni. Nilimsubiri. Nilimpa nafasi, Mungu ni shahidi, nilihesabu pumzi tatu za Zhiheng. Baba hakusogea.

Mimi nililelewa na mtu huyu. Alinibeba mgongoni kwenye theluji nilipougua homa, alinifundisha kushika kijiti cha kalamu na kushika kisu. Kwetu mtoto humfunika mzazi kwa mwili wake, na anayemfunua hana tofauti na aliyechimbua kaburi la ukoo. Nilijua ninachokifanya wakati nafungua mdomo.

"Msimpige tena," nikasema. "Si yeye. Aliyeshika mkasi ni baba yangu, yule pale ngazini. Zhiheng aliona kosa na mimi niliona, tukanyamaza kwa adabu. Ripoti ni ya uongo."

Yule mwanamke wa kiatu alinitazama kwa chuki ambayo hakuwa nayo hata kwa Zhiheng.

"Mtoto gani huyu," akasema, "anamtaja babake mzazi mbele za watu?"

Guoliang alimtazama Zhiheng, akanitazama mimi, kisha akaanza kupanda ngazi. Wanafunzi wawili walijitokeza mbele. Baba akawasukuma pembeni, akashuka hatua moja kumlaki. Nadhani alitaka kusema kitu. Guoliang hakumpa nafasi. Chuma kilimpata juu ya sikio, miwani ikaruka, baba akakaa kwenye ngazi kama mzee aliyechoka kupanda, damu inamshukia kwenye kola nyeupe.

Guoliang akanyanyua tena. Mimi nilikuwa chini, mbali. Nilichokiona ni Zhiheng anayetambaa. Sijui alitoka wapi na nguvu zile. Alipanda ngazi kwa magoti na kiwiko, mkono wake mbovu unaburuzika, akajitupa juu ya baba, akamfunika kichwa kwa mgongo wake.

"Toka," Guoliang akamwambia. "Si huyu aliyekubebesha?"

"Ndiye."

"Alikuacha uvunjwe, anaangalia."

"Najua."

"Sasa unamkingia nini?"

Zhiheng alitema damu kwanza. "Ni mwalimu wangu," akasema.

Chuma kilibaki hewani. Guoliang aliitazama ile picha kule chini, akautazama tena mgongo wa Zhiheng, na nikaona hasira inamwishia usoni, anabaki mtu wa miaka thelathini na kitu asiye na baba.

"Na yule alikuwa wangu," akasema. Akaketi ngazini, chuma kikamteleza, kikashuka kikigonga kila hatua. Polisi walipofika walimkuta hapo, amejiinamia, hakupinga kufungwa pingu.

Saa tisa alasiri Zhiheng alikuwa kwenye kitanda cha chumba cha dharura, mkono umo ndani ya plasta hadi kiwikoni. Daktari wa mifupa, mwanafunzi wa zamani wa baba naye, alituonyesha picha: vidole vitatu, kiganja, kifundo. Akasema vijiti vya kulia chakula atashika. Kuhusu kisu tumwulize mwakani. Alisema hivyo akitazama ukuta.

Tulipoachwa wawili nilimfuta damu iliyokauka shingoni. Mdomo wangu ulikuwa umevimba, wake umekosa jino. Tulikuwa wachumba wa kutisha watoto.

"Posa ile ya Jumapili nimeivunja," nikamwambia. "Siolewi kwa bei ya samaki."

"Sawa."

"Usiniambie sawa. Sema kitu."

Alivuta pumzi kwa taabu ya mbavu. "Nina mkono mmoja, Yun. Nina uongo mmoja kwenye karatasi ya serikali. Kwetu kuna shamba la vitunguu saumu na nyumba inayovuja. Ukinitaka hivyo, nakuomba mimi mwenyewe, bila ya mtu."

"Niombe vizuri."

"Nioe," akasema, akakosea, akacheka, mbavu zikamkata, akalia na kucheka pamoja. Nilimbusu kwenye paji la uso, palipochubuka kwa kugusa sakafu, nikamwambia nimekubali, na kwamba kama tutakula samaki siku hiyo tutamla mkia kwanza.

Mlango ukafunguliwa. Baba aliingia kichwa kimezungushwa bandeji, hana miwani, amevaa shati bila koti. Sikumbuki kumwona bila koti ndani ya hospitali. Alikuwa ameshika kikombe chenye mfuniko, kile chake cha miaka yote.

Hakunitazama. Alisimama miguuni pa kitanda, akaongea na Zhiheng kwa sauti ya mtu anayesoma faili la mgonjwa. Alisema ameandika ripoti upya kwa mkono wake, na amesaini. Nakala moja amempa mkuu wa hospitali, moja polisi, moja amempelekea Guoliang kituoni, akamsomea. Alisema ameomba kijana yule asishtakiwe kwa ajili ya kichwa chake yeye, ila la mkono wa Zhiheng si lake kulisamehe. Kisha, alisema, alishuka ukumbini, ambako picha bado ilikuwepo, akapiga magoti.

"Nilichelewa siku tano," akasema.

Zhiheng alijaribu kuinuka, baba akamzuia kwa ishara ya kichwa. Akafunua kikombe. Mvuke ukapanda. Katika maisha yangu yote sijawahi kumwona baba akimmiminia mwanafunzi chai. Sasa alikuwa ameinama, kikombe kimo mikononi mwake miwili, kama wao walivyomletea yeye, na maji yalikuwa yanatikisika mle ndani.

"Chai yako inapoa," akasema.

Nje mtu alikuwa anafagia vioo.

"Nilisikia, Heng. Siku ile. Nilisikia, na nilielewa." Midomo yake ilipata taabu na maneno yaliyofuata. "Niliona haya mbele ya binti yangu."

Nilikuwa na hasira naye, na mpaka leo ninapoandika hasira hiyo haijaisha. Nilimsubiri Zhiheng akatae. Mtu mwingine angekataa. Lakini Zhiheng aliupeleka mbele mkono wake wa kushoto, kisha ukasimama njiani. Kitu cha mkubwa hakipokelewi kwa mkono mmoja, tulichapwa kwa hilo kabla ya kujua kusoma. Aliutazama mkono wake wa kulia ndani ya plasta, akautazama ule wa kushoto ulioganda hewani peke yake, na macho yake yakajaa kuliko yalivyojaa wakati wa chuma.

Nikaunyoosha wangu. Nikauweka mkono wangu wa kulia kando ya ule wa kushoto wake, chini ya kikombe, kidole kwa kidole. Baba aliitazama ile mikono miwili, mmoja wa mwanafunzi wake na mmoja wa binti yake, akakiachia.